Taarifa za Watu ni Amana: Sheria ya Faragha na Usalama wa Mtandao ndani ya Taasisi

Mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie sheria za ulinzi wa taarifa binafsi pamoja na changamoto za usalama wa mtandao zinazozikabili taasisi, na tangu mwanzo naomba niseme kwamba hilo neno "pamoja na" linanitia wasiwasi. Linatufanya tudhani kuwa tuna mambo mawili yaliyokaa jirani, moja la mwanasheria na jingine la fundi wa mifumo, na hivyo ndivyo taasisi nyingi zilivyojipanga: mwanasheria huandika sera ya faragha ikawekwa kwenye tovuti, fundi hununua vifaa vya kuchuja mawasiliano, na wawili hao hawakutani mpaka siku taarifa zinapovuja. Hoja yangu ni kwamba taarifa za mtu ni amana mikononi mwa taasisi, na anayepokea amana hudaiwa majibu ya maswali yale yale, awe anaulizwa na hakimu au na fundi: umepokea nini, kwa ajili ya nini, imewekwa wapi, na utaiachia lini. Taasisi isiyoweza kujibu haiwezi kuitii sheria, na kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kuilinda mifumo yake.

Sheria hizi hazikuanza jana. Jimbo la Hesse nchini Ujerumani lilitunga sheria ya kwanza ya aina hii duniani mwaka 1970, Uswidi ikafuata mwaka 1973 kwa sheria ya nchi nzima, na tarehe 28 Januari 1981 Baraza la Ulaya likaufungua Mkataba Namba 108, unaohusu ulinzi wa taarifa binafsi, ili nchi ziutie saini. Kilichowatia watu hofu miaka ile kilikuwa kompyuta kubwa za serikali, zenye uwezo wa kuunganisha rejista moja na nyingine hadi maisha yote ya raia yakasomeka katika ofisi asiyoijua. Ndiyo maana sheria ilitangulia kuuliza kwa nini taarifa zinakusanywa, kabla ya kuuliza zinalindwaje, na mpangilio huo umebaki hadi katika Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Umoja wa Afrika nao ulipitisha Mkataba wa Malabo mwaka 2014, ukaanza kutumika Juni 2023, na kinachonivutia katika mkataba huo ni kwamba umeweka usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi ndani ya waraka mmoja.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye kisa cha Ufini. Kituo cha tiba ya kisaikolojia kilichoitwa Vastaamo kilihifadhi kumbukumbu za makumi ya maelfu ya wagonjwa, yakiwemo maandishi ya watabibu kuhusu yale waliyoambiwa faraghani. Hifadhidata hiyo iliachwa ikifikika kwenye intaneti bila kinga ya maana, ikaibwa. Mwaka 2020 mwizi alikidai kituo kikombozi, na alipokosa alichotaka akawageukia wagonjwa mmoja mmoja kwa barua pepe, akiwataka walipe kwa bitcoin, sarafu ya kidijitali, la sivyo siri zao zingeanikwa. Kumbukumbu za baadhi yao zilianikwa kweli. Kituo kilifilisika mwaka 2021, na mwishoni mwa mwaka huo mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufini ikakitoza faini ya euro 608,000. Mdukuzi mwenyewe alihukumiwa kifungo mwaka 2024.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kinaondoa mazoea yetu ya kupima uvujaji kwa fedha. Kadi ya benki iliyoibwa hufungwa ikatolewa nyingine, na nywila iliyojulikana hubadilishwa kwa dakika moja, lakini neno ambalo mtu alimwambia tabibu wake katika mwaka mbaya kuliko yote maishani mwake halina namna ya kurudishwa likawa siri tena. Mtu huyo hakuwahi kuulizwa kama seva ina ukuta wa kinga. Aliamini tu. Na mamlaka ya Ufini haikukiadhibu kituo kwa ulinzi mbovu pekee. Ilikiadhibu pia kwa kutotoa taarifa ya uvujaji kwa wakati, jambo ambalo nitalirudia.

Sasa nije kwenye eneo ambalo naamini kazi kubwa zaidi inaweza kufanyika, nalo ni kupunguza kile tunachokihifadhi. Kanuni ya Ulaya, katika ibara ya 5, inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililo wazi, ziwe zile tu zinazohitajika, na zisikae kuliko muda unaohitajika. Wengi huzisoma kanuni hizi kama masharti ya karani, wakati zina thamani kubwa ya kinga kuliko vifaa vingi vya bei ghali, kwa kuwa taarifa ambayo haikukusanywa haiwezi kuibwa, na iliyofutwa kwa wakati haimsubiri mdukuzi. Kikwazo ni tabia ya taasisi zenyewe. Idara ya masoko husema taarifa zitakuja kufaa, wahandisi huogopa kufuta kisije kikaharibika kitu, na kwa kuwa hifadhi imekuwa rahisi, hakuna anayeona gharama ya kulimbikiza. Tena nakala huzaana: jedwali lililopakuliwa kwa ajili ya ripoti moja hubaki kwenye kompyuta ya mkononi, taarifa halisi za wateja humwagwa kwenye mfumo wa majaribio usio na ulinzi, na nakala rudufu za miaka mingi hukaa mahali ambapo mfanyakazi aliyezipanga ameshaondoka.

Wapo wanaojitetea kwamba wamekwisha kuondoa majina, kwa hiyo zilizobaki si taarifa binafsi. Utetezi huo ni dhaifu. Mtafiti wa Marekani Latanya Sweeney alionyesha, kwa kutumia sensa ya mwaka 1990, kwamba msimbo wa posta wenye tarakimu tano, tarehe kamili ya kuzaliwa na jinsia vinatosha kuwatofautisha takriban asilimia 87 ya wakazi wa nchi hiyo. Jina likiondoka, mtu bado yupo.

Kutojua ulichonacho ni hatari pia pale ambapo tundu la kiusalama limekwisha kutangazwa. Machi 2017 kasoro kubwa katika Apache Struts, programu inayotumika kujengea mifumo ya tovuti, ilitangazwa, na marekebisho yake yakatolewa. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza historia za mikopo, ilisambaza agizo la ndani kwamba kasoro hiyo irekebishwe ndani ya saa 48, lakini mfumo mmoja uliokuwa nayo haukurekebishwa, na uchunguzi wa kompyuta uliofanywa siku chache baadaye haukuubaini. Wadukuzi wakaingia Mei. Kifaa kilichopaswa kukagua mawasiliano kilikuwa hakioni kitu kwa sababu cheti chake cha kidijitali kilikuwa kimekwisha muda, na cheti hicho kilipofanywa upya mwishoni mwa Julai ndipo wizi ulipoonekana. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimeguswa. Tazameni vizuri: onyo lilikuwepo, agizo lilikuwepo, kifaa kilikuwepo. Kilichokosekana ni orodha ya kuaminika ya mifumo yote na jina la mtu anayewajibika kwa kila mmoja, na orodha inayokaribiana na hiyo ndiyo sheria inayoidai inapotaka taasisi iweke kumbukumbu za uchakataji wake, yaani namna inavyozishughulikia taarifa za watu. Wakaguzi wakija kuiomba, wengi hutoa waraka uliojazwa mara moja na kusahauliwa.

Kuhusu wakandarasi sitasema mengi. Mwaka 2013 wadukuzi waliingia katika mtandao wa maduka ya Target kwa kutumia nywila walizoziiba kwa kampuni iliyohudumia mitambo ya kupasha joto na kupoza hewa, wakachukua taarifa za kadi zipatazo milioni 40. Sheria inamruhusu mkusanyaji wa taarifa kumkabidhi kazi mchakataji, yaani anayezishughulikia kwa niaba yake. Haimruhusu kumkabidhi wajibu wote. Mkataba mzuri unahitajika, lakini swali la kuuliza kabla ya mkataba ni kama mkandarasi huyo anahitaji kweli kufika mahali anapoomba kufika.

Yapo pia mambo ambayo sheria na usalama huvutana kwa haki, na si uungwana kuyaficha. Ili fundi amtambue mvamizi, anahitaji kumbukumbu za nani aliingia wapi, saa ngapi, akafungua nini, na kumbukumbu hizo ni taarifa binafsi za wafanyakazi. Zikifutwa mapema mno, uvamizi wa miezi sita iliyopita hautachunguzika; zikikaa mno, taasisi imejenga daftari la mienendo ya watu wake ambalo siku moja litatumiwa kwa jambo lisilohusu usalama. Mimi naona suluhisho ni kuamua muda mapema kwa maandishi, kuwaeleza wafanyakazi, na kuhakikisha kwamba anayezisoma naye anaacha alama.

Nirudi kwenye suala la kutoa taarifa. Ibara ya 33 ya Kanuni ya Ulaya inamtaka mkusanyaji aijulishe mamlaka ndani ya saa 72 tangu alipotambua uvujaji, isipokuwa kama hakuna uwezekano wa uvujaji huo kuleta hatari kwa haki za watu. Na hatari ikiwa kubwa, wahusika wenyewe lazima waambiwe. Saa 72 ni siku tatu, na saa haisimami kwa ajili ya Jumamosi na Jumapili. Katika siku hizo taasisi inapaswa kueleza aina ya taarifa zilizoguswa, idadi ya watu kwa makadirio, madhara yanayotarajiwa na hatua zinazochukuliwa. Anayeanza kutafuta majibu hayo baada ya uvamizi amechelewa. Anayejua amana alizonazo anaweza kuanza kuandika asubuhi ile ile, na sheria inamruhusu kuongeza maelezo kwa awamu.

Njia ya kuficha imejaribiwa. Mwaka 2016 wadukuzi walichukua taarifa za watumiaji na madereva wapatao milioni 57 wa Uber. Kampuni ikawalipa dola 100,000 na kunyamaza kwa takriban mwaka mzima. Baada ya siri kutoka, ililipa dola milioni 148 kumaliza madai ya majimbo ya Marekani, na aliyekuwa mkuu wake wa usalama akatiwa hatiani na mahakama mwaka 2022. Faini kubwa za kisheria, ambazo Ulaya zinaweza kufikia euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima, kutegemea kipi ni kikubwa zaidi, husemwa sana kwenye semina. Mimi nasumbuliwa zaidi na ule mwaka ambao watu milioni 57 hawakujua kwamba wanapaswa kujihadhari.

Na ukimya huo mara nyingi huanzia chini kabisa. Mfanyakazi wa kawaida amefungua barua pepe iliyofanana na ya mkuu wake, ameweka nywila, na baada ya dakika moja moyo umemshtuka. Anachokifanya katika dakika inayofuata kinategemea kile alichokiona kikimpata mwenzake aliyekosea kabla yake. Kama mwenzake aliaibishwa mbele ya idara au aliandikiwa barua ya onyo, huyu atafunga kompyuta na kuomba kimya kimya lisitokee jambo, huku mvamizi akitembea ndani ya mifumo kwa wiki nzima. Kwa hiyo ningependa kila kiongozi aliyeko hapa, akirudi ofisini, amwulize mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa kama anaijua namba ya kupiga akibofya kiungo kibaya usiku wa Ijumaa, na kama anaamini kwamba atakayepokea simu hiyo atamshukuru.

Maswali yenu nayasubiri.