Boti ya upepo na mashine ndogo: spidi inapotelea wapi

Haya, wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi. Sogeeni basi huku mbele maana mi sauti yangu sio ya spika. Leo ni hizi boti za mpira za kujaza upepo. Kila nikishuka Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, lazima nikutane na mtu ananiuliza, fundi mashine yangu ni ya nguvu farasi 15 mbona haikimbii, ninunue ya 20? Mi namwambia tulia kwanza, hela yako ikae mfukoni, spidi unayoitafuta mara nyingi unayo tayari ila inaishia kwenye boti kabla haijafika kwenye maji.

Iko hivi. Boti ya mita 3 ikiwa bado imekaa ndani ya maji inasukuma maji tu, mwisho wake ni kama kilomita 8 kwa saa, hapo hata ufungue mafuta yote itanyanyua pua na kuchimba nyuma, basi. Spidi inaanza pale boti inapopanda juu ya maji ikawa inateleza. Kwahiyo kila ntakachosema leo ni cha kuisaidia ipande na ikishapanda isishuke.

Cha kwanza upepo, na hapa ndo watu wengi wanafeli. Mtu anajaza boti asubuhi, anabonyeza na kidole gumba, anasema imejaa. Boti nyingi za hivi zinataka presha ya 0.25 bar kwenye mirija, yaani yale matyubu ya pembeni, na kama sakafu yako nayo ni ya upepo hiyo inataka zaidi, 0.7 mpaka 0.8 hivi, lakini soma kilichoandikwa kwenye boti yako, usinisikilize mimi. Ikiwa laini inajikunja katikati, yaani mashine inasukuma ubao wa nyuma halafu pua inabaki ilipo, nguvu inaishia kukunja mpira. Alafu kuna jambo la hapa kwetu: umejaza kwenye mchanga jua linawaka, ukiishusha ziwani maji ni nyuzi 25 hivi, hewa inapoa, presha inashuka. Kwahiyo jaza, shusha majini, subiri kidogo, alafu ongeza. Pampu yenye geji nunua, sio anasa hiyo. Na ukirudi ukaivuta juani, punguza, isije ikakupasukia.

Cha pili uzito. Ukiwa peke yako unakaa nyuma kabisa umeshika mkono wa mashine, tenki la mafuta liko nyuma, nanga iko nyuma, sasa pua itashukaje? Peleka tenki mbele, we mwenyewe sogea katikati, mkono wa mashine urefushe, wapo wanaochomeka bomba la plastiki na inafanya kazi vizuri tu. Ila ile kamba ya kuzimia mashine ifunge mguuni, mpira ukiruka kwenye wimbi we unadondoka sekunde hiyohiyo na boti inaendelea na safari zake.

Mashine kuifunga, hii ntaipita haraka. Kile kibao bapa kilicho juu ya pangaboi, yaani lile feni la mashine linalosukuma maji, kiwe sawa na tumbo la boti au chini yake sentimita 2, 3. Ikizama sana unaburuta chuma majini, ikiwa juu sana pangaboi linameza hewa, unasikia mashine inalia kwa nguvu na boti haiendi. Na ile pini ya kuinamisha mashine, jaribu tundu moja moja: pua ikichimba maji sogeza pini nje tundu moja, boti ikianza kurukaruka irudishe.

Sasa pangaboi. Mashine ya 15 ya tuu stroki nyingi zinatakiwa zifike mizunguko kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika ukifungua mafuta yote. Takometa, yaani kipima mizunguko, zipo ndogo za bei rahisi, unazungushia waya wake kwenye waya wa plagi. Tuseme umepata 5,000, gia inapunguza mara 2.08, pangaboi la pichi inchi 9, yaani kila mzunguko linatakiwa lisogee mbele inchi 9: kwenye karatasi hiyo ni kilomita 33 kwa saa, toa utelezi, ile sehemu pangaboi linapoteleza kwenye maji bila kusukuma, ubaki na 27 hivi. Ukiwa na 4,200 tu pangaboi ni zito kwako, shuka inchi moja ya pichi, utapata kama mizunguko 200 zaidi. Na msisahau ziwa letu la Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mashine inapoteza kama asilimia 7, ile 15 yako hapa Kigoma ni 14. Pangaboi linalomfaa mtu wa Dar linaweza kukushinda wewe na abiria wako wawili wa Gombe. Hizo dawa za kumwagia kwenye petroli wanazokuuzia eti zinaongeza nguvu, mi sijaziona zikiongeza chochote zaidi ya gharama.

Mzee pale nyuma anauliza pangaboi la stenlesi. Mzee wangu, kwa mashine ndogo baki na aluminiamu. Ukipiga jiwe hapa ukingoni aluminiamu inapinda au inavunjika yenyewe, unabadilisha, stenlesi inabaki nzima na kishindo kinaenda kwenye gia, na gia bei yake unaijua.