Mnauliza kila siku: kazi ya kuzalisha farasi Marekani inapatikanaje?

Haya, mambo vipi ndugu zangu. Niko kwenye gari, nimetoka zamu ya usiku, macho yenyewe mnayaona. Swali ni lilelile: "Kaka, hiyo kazi ya farasi umeipataje, na inalipa?" Nikijibu, naringa. Nikitaja ugumu wake, naambiwa nirudi nyumbani. Acha nijibu tu.

Kwanza, hapa mimi si daktari. Digrii ya udaktari wa mifugo ninayo, ya nyumbani, na tulisomea ng'ombe zaidi. Hapa Lexington, Kentucky, nalinda majike waliokaribia kuzaa. Nalipwa kwa saa, na kodi ya nyumba inaimeza hela kabla sijaishika.

Nikitaka kuwa bingwa wa uzazi wa farasi, naanza na mitihani ya madaktari waliosoma nje, inaitwa ECFVG. Wa mwisho ni wa vitendo, una sehemu saba, na ada yake ni maelfu ya dola. Bado leseni ya jimbo, mwaka wa mafunzo kazini, miaka miwili au mitatu ya ubobezi, halafu mtihani wa bodi. Kwa umri wangu huu, piga hesabu mwenyewe.

Mimi nilikwama kwenye jina. Pasipoti ina majina matatu, cheti kina mawili. Jina la babu tu! Faili la maombi ya mitihani likarudi. Ndugu niliyemtumia hela afuatilie kiapo cha majina kwa wakili akasema imeishia kwenye nauli. Nauli ya kwenda wapi, mwezini? Na huyohuyo ndiye aliyeandika kwenye grupu la familia kwamba nimesomeshwa nije kuzoa mavi ya farasi. Nazoa, ndiyo. Mavi hayohayo ndiyo yaliyonunua bati analolala chini yake. Tuyaache.

Wanaouliza kozi ya uhimilishaji, yaani kumpandikiza jike mbegu kwa mrija: itakufaa kwa aina nyingine za farasi. Hawa wa mbio, Thoroughbred, mtoto wa mrija hasajiliwi. Lazima dume ampande jike. Halafu hapa wote huhesabiwa umri kuanzia Januari mosi ya mwaka waliozaliwa, hata aliyezaliwa Mei, kwa hiyo kila tajiri anataka wake azaliwe mapema, asizidiwe ukubwa na wa rika lake. Mimba ni miezi 11. Ndiyo maana majike wasio na mimba huwashiwa taa tangu Desemba, wapate saa 16 za mwanga, mwili udhani baridi imeisha, wawe tayari kupandwa.

Juzi saa nane usiku jike akaanza kusukuma, badala ya mfuko mweupe ukatoka mwekundu, kama mahameli. Hapo kondo limeachia mapema, mtoto anakosa hewa. Hakuna kumsubiri daktari. Nikapasua kwa mkasi, nikashika miguu ya mbele, nikavuta kila mama aliposukuma. Haikupita saa moja kamesimama, kanayumba, kananyonya goti la mama kakidhani ni chuchu.

Koneksheni sina, namba ya bosi sitoi. Mimi nilikuja kwa bahati nasibu ya viza. Mwenzangu kaja kwa njia nyingine kabisa. Usiuze kiwanja kwa sababu ya video yangu.

Nazima, chaji imebaki asilimia nne, na jioni nina majike watatu ambao chuchu zimeshaanza kutoa nta, yaani kuzaa kumekaribia.