Picha za Familia Inayotaka Kuasili Mtoto: Zichaguliwe kwa Kumfikiria Nani?

Waheshimiwa wazee, akina mama na akina baba, maafisa wa ustawi wa jamii mlioitikia mwaliko, nanyi wanandoa mlioanza taratibu za kuasili mtoto, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie uchaguzi wa picha zinazowekwa katika wasifu wa familia, yaani yale maelezo mafupi yenye picha ambayo familia huyaandaa ili ijulikane kabla ya kukabidhiwa mtoto. Jambo lililonileta mbele yenu ni moja: picha hizi zichaguliwe kwa kumfikiria mtoto atakayezitazama. Katika shughuli hii yote yeye ndiye ambaye hakuomba chochote wala hakujaza fomu yoyote, na ndiye atakayeishi ndani ya kile ambacho picha zimemwonyesha.

Desturi ya kuandaa wasifu wenye picha imekuzwa sana nchini Marekani. Huko, mama mjamzito anayefikiria kumtoa mtoto wake aasiliwe huletewa vitabu vya familia kadhaa, akavipekua, akachagua watu ambao angependa wamlee mwanawe. Kwa hiyo ushauri mwingi mnaoukuta kwenye intaneti, kwamba picha ya jalada ionyeshe nyuso waziwazi, kwamba miwani ya jua ivuliwe, kwamba mbwa wa nyumbani asisahaulike, uliandikwa kwa ajili ya macho ya mama huyo. Ni ushauri mzuri mahali pake. Kwetu Uganda mambo huenda kwa njia nyingine. Anayeichunguza familia ni afisa wa probesheni na ustawi wa jamii, na chini ya Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, mwombaji hukaa na mtoto katika malezi ya kambo, yaani humlea kwa muda kabla hajawa wake kisheria, kwa muda usiopungua miezi 12, akisimamiwa na afisa huyo, ndipo mahakama isikilize ombi lake la kuasili. Mwombaji, au mmoja wa wanandoa wanaoomba pamoja, sharti awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Na mtoto aliyefikisha miaka 14 huombwa ridhaa yake mwenyewe. Katika utaratibu kama huu, picha nzuri haziwezi kuipatia familia mtoto, wala hazipaswi kuweza. Kazi yake kubwa huanza siku ile mwangalizi wa makao ya watoto anapoketi na mtoto mkekani, akafungua albamu, akamwambia: hawa ndio wanaokuja kukuona.

Hebu tufikiri mtoto huyo anatafuta nini. Mtoto wa miaka mitatu au minne anajua vizuri kwamba sura iliyo kwenye picha ni ya mtu aliye hai, na atakapomwona mtu huyo akiingia getini atamlinganisha na sura aliyoizoea. Ikiwa mama alipigwa picha akiwa amepakwa vipodozi vya harusi, kope zimebandikwa na kilemba kimepanda juu, kisha akaja siku ya kwanza akiwa amefunga kitambaa kichwani na amevaa ndala, mtoto hatamtambua, na ile kazi yote ya kumzoesha itakuwa imepotea. Mtoto wa miaka minane anatafuta mengine. Anataka kujua atalala wapi, na kama atalala peke yake au na wenzake. Anataka kujua choo kiko ndani au nje, kwa sababu usiku unamtisha. Anataka kujua kama kuna watoto wengine na kama ni wakubwa kuliko yeye. Na anamtazama baba kwa muda mrefu, hasa mikono na macho yake, akijaribu kupima kama ni mtu wa kupiga. Maswali haya hatayasema kwa mdomo. Picha zinaweza kuyajibu kabla hayajamnyima usingizi.

Kwa sababu hiyo nawasihi mpunguze picha za sherehe. Najua sebule zetu zilivyo: ukutani kuna picha ya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wakwe, mama amevaa gomesi, vazi la heshima la wanawake, na baba kanzu na koti, kuna picha ya harusi, na kuna ya mahafali yenye joho na kofia. Ni picha za heshima, na moja kati yake inatosha kuingia katika wasifu, kwa kuwa inaonyesha kwamba ndoa yenu inajulikana na wazee. Zinazobaki ziwe za siku za kawaida. Piga picha jiko mnalolitumia, liwe la gesi au sigiri ya mkaa, na matoke yakiwa yamefunikwa kwa majani ya mgomba kama mnavyopika Jumapili. Piga picha ya kitanda chenyewe na neti yake, ya bomba au mapipa ya maji, ya njia inayotoka nyumbani kwenda barabarani, ya mti ambao watoto wa jirani hucheza chini yake. Kama mnaishi katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, Kampala au Jinja, onyesheni vyumba hivyo viwili. Nimewahi kuona familia ikiazima sebule ya ndugu yao tajiri kwa ajili ya kupigia picha, na nilihuzunika, maana watu wale walikuwa na nyumba safi, yenye upendo, isiyohitaji kufichwa na mtu yeyote.

Picha ni ahadi, na nchi yetu imekwisha kuona madhara ya ahadi zisizo za kweli katika jambo hili. Mwezi Agosti mwaka 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo Waganda wanne, wakiwamo majaji wawili, kwa kuhusishwa na mpango wa udanganyifu katika uasili wa watoto, ambamo wazazi wa vijijini waliambiwa kwamba watoto wao wanapelekwa Kampala kuendelezwa kimasomo, hali watoto walikuwa wakitolewa waasiliwe na familia za ng'ambo. Sitaki mtu yeyote katika ukumbi huu adhani ninamfananisha na waliofanya hayo. Ninalosema ni kwamba mzazi maskini anayeonyeshwa picha ya nyumba ya ghorofa, baiskeli mpya na watoto waliovaa sare za shule ya gharama, anaweza kufanya uamuzi ambao hangeufanya kama angeonyeshwa maisha yenyewe na kuelezwa maana ya kuasili, yaani kwamba kisheria mtoto anahamia katika familia nyingine moja kwa moja. Kwa hiyo, pale ambapo mzazi au ndugu wa damu wapo na watauona wasifu wenu, toeni kila picha ambayo kazi yake ni kutamanisha.

Sasa nije kwenye jamaa, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo familia nyingi zinapokosea. Mtoto wa Kiafrika haingii kwa mume na mke tu. Anaingia katika ukoo. Bibi na babu, shangazi, wajomba, binamu, wote hao watamhusu, na wakimkataa, maisha yake yatakuwa magumu hata kama wazazi wapya wanampenda kwa moyo wote. Katika jamii kama ya Baganda, ambamo koo zina miiko yake, majina yake na mpangilio wake wa urithi, swali la huyu ni mtoto wa ukoo gani litaulizwa msibani, kwenye arusi na wakati wa kugawa shamba. Basi wekeni picha ya bibi akiwa kijijini kwake, ameketi barazani. Mkiona mnasita kuiweka kwa sababu bibi bado hajaambiwa, huo ni ujumbe kwenu kwamba kuna mazungumzo yanayotakiwa kufanyika kabla ya kamera kutolewa mfukoni. Hakuna picha inayoweza kuziba pengo hilo.

Kwa ndugu zangu Waislamu jambo hili lina upande wake wa pekee. Qurani, katika Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao wa kuzaa, na ndiyo maana wengi wenu hupendelea kumlea mtoto kwa kafala, akibaki na nasaba yake, utaratibu ambao hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa unautaja katika kifungu cha 20. Wasifu wenu uonyeshe hivyo bila kificho: familia inayompokea mtoto wa watu wengine, inayolijua jina la baba yake na kuliheshimu. Na kwa dini zote, picha ya ibada iwepo, iwe ya Idi au ya Krismasi kijijini, kwa kuwa afisa hutazama dini ya mtoto inapojulikana, na mtoto mwenyewe hutaka kujua kama Ijumaa au Jumapili yake itabaki kama alivyoizoea.

Yupo mtu mmoja ambaye husahaulika karibu kila mara, naye ni dada wa kazi. Ikiwa ndani ya nyumba yenu kuna msichana anayepika, anayefua na anayebaki na watoto mkiwa kazini, mtoto mpya atashinda naye saa nyingi kuliko atakazoshinda nanyi. Mwombeni ruhusa, kisha mwekeni katika albamu kwa jina lake. Vivyo hivyo mtoto wenu aliyefariki: picha yake ikiwa ukutani nyumbani, iwe pia katika albamu, pamoja na maelezo mafupi ya upole, ili mgeni asije akadhani ameletwa kuziba nafasi ya mtu ambaye hakuna anayetaka kumtaja.

Kuhusu upigaji wenyewe sitasema mengi, ila suala la mwanga ni la lazima. Sisi tuko kwenye ikweta, nayo inaikata barabara ya Masaka pale Kayabwe, na saa sita mchana jua huwa karibu utosini mwaka mzima. Mwanga wa saa hiyo huyatia macho kivuli kizito, na mtoto anayetafuta macho ya mama yake mpya huona mashimo mawili meusi. Pigeni asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi na moja, ama mketi barazani uso ukielekea uwanjani. Msisimame na anga jeupe nyuma yenu, kwa sababu simu hupima mwanga wa anga na kuziacha sura nyeusi zikipotea gizani. Tatizo la vifaa kutozijali ngozi zetu ni la zamani: kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisambaza kwa maabara za picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi ikaachwa ijitafutie. Leo simu zimekuja na vichujio vinavyoing'arisha ngozi na kuisawazisha kama plastiki. Vizimeni vyote. Mtoto mweusi anayeonyeshwa wazazi waliojichubua kwa programu amekwisha kufundishwa jambo baya kuhusu rangi yake kabla hajavuka kizingiti cha nyumba.

Tena kuna faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakataza kukusanya au kutumia taarifa binafsi za mtoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi wake, isipokuwa katika hali ambazo sheria yenyewe imezitaja. Kwa hiyo watoto wa jirani wasionekane katika wasifu wenu mpaka wazazi wao wamekubali. Ficheni beji ya sare ya shule, namba ya gari, kibao cha mtaa. Kumbukeni pia kwamba simu nyingi huhifadhi mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe, basi izimeni huduma ya mahali kabla ya kupiga. Wasifu ukabidhiwe kwa afisa au kwa makao, mkono kwa mkono, wala usirushwe katika makundi ya WhatsApp ya ukoo au ya kanisa. Na picha ya mtoto mnayetarajia kumpokea isiwekwe popote, hata ikiwa furaha imewajaa. Bado hajawa wenu, ndugu zake wanaweza kujitokeza, na hadithi ya jinsi alivyofika makaoni ni mali yake, aje aisimulie au ainyamazie atakapokuwa mkubwa.

Kwa idadi, picha kumi hadi kumi na tano zinatosha. Chini ya kila moja andikeni sentensi fupi katika lugha anayoielewa mtoto, iwe Kiswahili, Kiganda, Kiacholi au nyingine, na majina yawe yale atakayoyatumia: Mama, Baba, Jajja (yaani bibi au babu), Kaka Yusufu. Albamu iwe ya karatasi ngumu, iliyofunikwa plastiki, maana itashikwa na mikono yenye uji na italaliwa usiku.

Mwisho, acheni kurasa tupu mwanzoni mwa albamu, kabla ya picha zenu. Watoto wengi huondoka makaoni bila picha hata moja ya miaka yao ya kwanza, na baada ya muda hakuna wa kuwaeleza walikuwaje. Kabla ya siku ya kumchukua, ombeni kwa maandishi mwangalizi awape nakala za picha zozote zilizomo katika faili ambazo afisa wa probesheni ameruhusu: za mama mzazi au baba mzazi kama zipo, za kitanda alicholalia, za mwangalizi aliyembeba, za rafiki aliyekuwa akilala naye. Kama hazipo, ombeni ruhusa mzipige wenyewe siku hiyo, mkiacha nje sura za watoto wengine ambao hamna idhini yao, kisha zibandikeni katika kurasa hizo za mwanzo, mkiandika tarehe na jina la mahali.