Besi Fupi: Kabla ya Kununua Kitu, Tazama Shingo

Mhadhara uliotolewa kwa wanamuziki vijana, Lamu

Assalamu alaykum. Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokuja na magitaa yenu, nashukuru kwa kunipa nafasi. Sitaeleza besi ni nini, hili gitaa la nyuzi nne la sauti nzito, maana simuoni mgeni wa muziki humu ndani. Wengine mmeshanisikia nikiyasema haya pale Mkunguni, na nitayarudia mpaka yaingie: besi uliyoinunua juzi haijamalizwa. Imekatwa, imepakwa rangi, imetiwa sandukuni, imevuka bahari, imepanda lori hadi Mokowe, ikashushwa kwenye boti. Ilipofungwa nyuzi kiwandani hewa ilikuwa nyingine. Hapa ni chumvi na unyevu, na ubao ni kitu kinachovuta maji. Mtu anaifungua, anaipiga, inakereza, yaani uzi unagonga freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni, ya pili na ya tatu, keshasema ni mbovu. Siku ya pili anatafuta pesa za pikapu mpya, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi. Hili ndilo linalonikera, na leo nataka tulimalize.

Kwanza nimjibu yule anayesema besi fupi, ile ambayo skeli yake, yaani urefu wa uzi, ni kama inchi 30, ni ya watoto. Namsikia kila mahali. Paul McCartney wa Beatles alinunua besi yake ya Höfner Hamburg mwaka 1961, ya skeli ya inchi 30, na aina hiyohiyo amesimama nayo jukwaani mpaka uzeeni. Jack Bruce wa bendi ya Cream alipiga besi ya Gibson EB-3, nayo ni fupi. Kampuni ya Fender, waliotoa besi ya Precision ya inchi 34 mwaka 1951, walitoa Mustang ya inchi 30 mwaka 1966. Basi hilo tuliache.

Tofauti yake ni ya hesabu. Skeli ni ule urefu wa uzi unaotikisika, kutoka kijiti cha juu shingoni, chenye mifereji ya nyuzi, hadi darajani, kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi. Besi ndefu ina milimita 864, fupi ina 762. Ukitaka kujua yako, pima kutoka kijitini hadi freti ya 12, halafu uzidishe mara mbili. Freti ya kwanza katika besi ndefu iko milimita 48 na nusu kutoka kijitini. Katika fupi haifiki 43. Kwa mwenye kiganja kidogo, au aliyezoea kupiga udi wa nyuzi, nafuu hiyo anaisikia tangu siku ya kwanza.

Lakini nafuu hiyo ina gharama yake, na hapa ndipo watu wanapopotea. Chukua uzi uleule, uukaze mpaka utoe sauti ileile, kwenye skeli ya inchi 30 badala ya 34. Mkazo wake unapungua kwa takriban asilimia 22. Uzi uliolegea hupepea kwa upana zaidi, na ukipepea kwa upana unagonga freti. Kwa hiyo uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ndio unaolalamika kwanza, nawe unadhani besi ina kasoro. Haina. Inataka uzi wake.

Nyuzi za besi fupi zina pakiti zake, zimeandikwa "short scale". Msikubali kuambiwa nyuzi ni nyuzi. Uzi wa besi ndefu ni mnene kwa sehemu kubwa, kisha unapunguka unene mwishoni, pale unapozunguka kigingi cha kukazia kichwani. Ukiufunga kwenye besi fupi, ule unene wote unafika kigingini. Unauzungusha uzi mnene kwenye chuma chembamba, zile nyaya zilizouzunguka zinaachana, na uzi unakufa. Hautoi sauti, unatoa mgoto tu. Uzi unaofaa, sehemu yake nene inavuka kijiti kwa inchi moja au mbili, na sehemu nyembamba ndiyo inayozunguka kigingi. Unene nao muutazame: E isiwe chini ya 100, yaani elfu za inchi, na anayepiga kwa nguvu achukue 105. Wapigaji wa taarab na chakacha nawashauri nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa. Kwa kawaida zina mkazo zaidi kuliko zile za mviringo, hazina mkwaruzo wa vidole, na sauti yake ni nzito na fupi, haiwafuniki wapiga ngoma. Mkizikata, zipindeni kwanza kona kali kwa koleo, ndipo mkate baada ya ile kona. Ukikata bila kupinda, nyaya zinafunguka ndani na uzi mpya umeharibika kabla haujalia.

Sasa shingo. Hapa nitakaa, mnisamehe, maana mengine yote yanasimama juu ya hili.

Ndani ya shingo kuna chuma kirefu, na nati yake iko ama kichwani chini ya kifuniko kidogo, ama upande wa kisigino, shingo inapoingia kwenye mwili. Kazi yake ni moja: kupingana na mvuto wa nyuzi, ili shingo ibaki na upinde mdogo sana kwenda mbele. Uzi unapotikisika, katikati yake ndipo unapopepea zaidi, na ule upinde unaupa nafasi. Hiyo tu. Chuma hicho hakikuwekwa kwa ajili ya kushusha nyuzi. Anayekikaza ili nyuzi zishuke ni sawa na nahodha anayetaka kushusha tanga akaenda kuupinda mlingoti.

Kijana mmoja wa Shela aliniletea besi yake, nzuri, ya inchi 30, mpya kabisa. Alikuwa ameshakusanya pesa za kuagiza pikapu na daraja. Nikamuuliza tatizo ni nini. Akasema inakereza freti zote za mwanzo, ya kwanza mpaka ya tano, na E yake haina uhai. Nikaichukua nikaitazama kwa jicho moja, kutoka kichwani kuelekea darajani. Shingo imepinda nyuma. Nikaweka kepo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya kwanza, nikabonyeza E pale shingo inapokutana na mwili, nikatazama freti ya 7. Hapakuwa na mwanya hata wa kupitisha karatasi. Kumbe alipoipata besi nyuzi zilikuwa juu, mtu akamwambia kaza chuma cha shingo, akakaza. Nyuzi zikashuka, akafurahi. Kesho yake freti zikaanza kulia. Na E yenyewe ilikuwa ya besi ndefu, mnene mpaka kigingini, imefumuka pale ilipopinda.

Nikamwambia pikapu zako ziache. Nikalegeza nati robo mzunguko. Robo, si zaidi. Nikaipiga tyuni upya, maana ukigusa shingo sauti zote zinahama, nikaisimamisha pembeni mpaka jioni. Ubao haufuati amri papo hapo. Unaitika polepole, na anayeongeza robo nyingine kabla haujaitika atajikuta amepita mpaka. Jioni tukapima, tukaongeza robo. Kesho yake mwanya ulikuwa milimita 0.3, na hapo ndipo ninapopataka: panapoingia kadi ya biashara kwa shida kidogo. Tukafunga nyuzi zake stahiki. Kule kukereza kukaisha, na E ikaanza kuimba. Pesa za pikapu amezibakiza mfukoni, na besi hiyo anaipigia harusini mpaka leo.

Mtu ataniuliza, na kipimo nitakitoa wapi? Nendeni kwa mafundi wa mashine za boti. Kila mmoja ana fila geji, vile vyuma vyembamba vya kupimia valvu. Azima ile ya 0.30, uifute mafuta, uirudishe. Mwengine ataniuliza chuma kinazungushwa upande gani. Ukiitazama nati uso kwa uso, kuzungusha kufuata saa ni kukaza: shingo inanyooka, mwanya unapungua. Kinyume chake unalegeza, mwanya unaongezeka. Spana ya aleni iwe inayokaa sawasawa, maana nati ikishalika kona utalia. Na ukiona imekataa, acha. Usitie nguvu. Shingo iliyokatika chuma ndani haina dawa ya bei nafuu.

Na msiniambie mlishaifanya mwaka jana. Kaskazi ina hewa yake, masika yana hewa yake. Shingo moja hupinda mbele, nyingine hupinda nyuma, kila ubao una tabia yake. Kipimo ni hicho hicho, na misimu ikibadilika unakirudia. Halafu kuna jambo la hapa kwetu: kuta za mawe ya matumbawe zinatoa jasho la chumvi. Besi iliyoegemezwa kwenye ukuta huo, skrubu za daraja zinaota kutu mpaka hazizunguki. Iwekeni mbali na ukuta, zitieni zile skrubu tone la mafuta mepesi, na mkimaliza kupiga futeni nyuzi kwa kitambaa kikavu.

Shingo ikishakaa ndipo unakwenda darajani kupanga kimo. Darajani kuna vikalio vinne, kila uzi na chake, kila kimoja kina skrubu za kukipandisha. Kwenye freti ya 12, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi: E kama milimita 2.5, G, ule mwembamba kuliko wote, kama 2. Kwa kuwa nyuzi za fupi zimelegea, msione haya kuongeza kidogo. Ikikereza freti za juu tu, zile za karibu na mwili, pandisha kikalio. Ikikereza za mwanzo tu, rudi shingoni. Kimo kikikaa, sahihisha sauti: gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, usikilize hamoniki, ile sauti nyembamba inayotoka, kisha ubonyeze hapo hapo. Zote mbili zinatakiwa ziwe sawa kwenye tyuna ya simu. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete mbele. Kwenye besi fupi kikalio cha E mara nyingi hukaa nyuma sana, msishtuke. Fanyeni hivyo na nyuzi mpya. Uzi uliochoka hausahihishiki.

Nimeulizwa mlangoni kuhusu nakshi, na swali hili nalipenda, kwa sababu ni swali la mtu wa Amu, yaani Lamu yetu. Je, mtu aupeleke mwili wa besi kwa fundi wa milango, autie nakshi? Nasema ndiyo, lakini sikilizeni. Besi nyingi za bei ya chini mwili wake ni mti laini, na juu yake kuna rangi nene inayopasuka kama gamba. Fundi aliyezoea mbambakofi na mvule akishusha patasi pale, kingo hazisimami, zinamomonyoka. Kuliko kuuchonga mwili, mpe fundi lile bamba la kukinga mikwaruzo, la plastiki, alifuate kama ruwaza, akukatie jipya la mbambakofi, unene usiozidi milimita 3, na ua la nakshi alichonge kwa kina kidogo pembeni, mkono usipopita. Matundu ya skrubu yakae palepale, na nafasi ya pikapu isibanwe. Bamba unaweza kulitoa wakati wowote, na mwili wa besi unabaki mzima. Nimeziona mbili za namna hiyo, na nilitamani kila besi ya mji huu iwe hivyo. Sisi tuna mafundi ambao watu wanavuka bahari kuja kutazama milango yao, halafu tunaagiza mabamba ya plastiki.

Ubao wa vidole, kama ni mti mtupu usiopakwa vanishi, haraka haraka: mafuta ya watoto yasiyo na manukato, tone chache kwenye kitambaa, pakaza, subiri kidogo, futa yote. Yale yanayouzwa ghali kwa jina la mafuta ya limau, mengi ni mafuta hayo hayo ya madini. Ubao uliopakwa vanishi unafutwa tu.

Kichwa kuanguka. Besi fupi zina mwili mwepesi, ukiachia mkono kichwa kinashuka. Nunueni mkanda mpana wa ngozi, upande wa nyuma uwe mkavu, usiteleze kwenye kanzu. Hiyo inatosha kwa wengi. Vigingi vyepesi vipo, lakini ni pesa.

Naona mwenyeji wetu ananionyesha saa. Pikapu, basi. Mliniambia niseme pikapu na mmekaa mkisubiri. Kabla ya kubadilisha, zipangeni kimo: bonyeza E kwenye freti ya mwisho, kutoka uzi hadi pikapu kuwe na kama milimita 3, upande wa G kidogo chini ya hapo. Zikikaribia mno sumaku inauvuta uzi na sauti inayumba, na wengi huiita pikapu mbovu. Mvumo ukiwapo, fungua pango la nyaya, bandika karatasi ya shaba ndani yote, iunganishwe na waya wa ardhi. Mwenye bunduki ya kulehemu humu anifuate baadaye nimwonyeshe pa kugusa. Kijiti cha juu sitakigusa leo, kinataka mazungumzo yake na tupa zake, na nawaomba msikichonge peke yenu kabla sijakisema.

Waliokuja na magitaa wayaweke juu ya meza ile. Legezeni kifuniko cha nati kichwani, lakini nati yenyewe asiiguse mtu. Fila geji ninayo moja tu, kwa hiyo tutakwenda kwa zamu, na tutaanza na wale wanaorudi Mokowe na boti ya jioni.