Mpango wa Likizo Usikae Kichwani mwa Mama

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za mchana.

Nimeombwa nieleze namna mbinu za kusimamia miradi kazini zinavyoweza kutusaidia kupanga likizo ya watoto, hasa hii ndefu ya Juni. Mimi mkate wangu ni miradi ya ujenzi. Kutwa niko na mpango kazi, bangokitita (lile jedwali la malengo na kazi za mradi), muhtasari wa kikao na ripoti ya robo mwaka. Msiogope, sikuja kuwashawishi mfungue kitengo cha ufuatiliaji na tathmini sebuleni. Mengi ya ofisini yabaki hukohuko ofisini. Ninayotaka tuyachukue ni machache, na yote yana kazi moja tu: kuutoa mpango wa likizo kichwani mwa mtu mmoja na kuuweka mahali ambapo kila mtu wa nyumba anauona.

Mtu huyo mnamjua. Nikiuliza hapa ni nani anayejua sare mpya zitashonwa lini, mtoto yupi hasafiri bila dawa yake ya pumu, nani kaahidiwa kwenda kwa bibi Lushoto na aliahidiwa na nani, akina baba wengi wataanza kuangalia dari. Naona mmecheka. Baba analipa ada na nauli, na hilo si dogo, lakini kumbukumbu ya nyumba nzima anayo mama. Nyumba nyingine anayo dada wa kazi, na siku dada akienda kwao ndipo mnagundua. Kwenye saiti hatukubali hali hiyo. Ratiba ikiwa kichwani mwa fundi mkuu peke yake, siku akishikwa na homa kazi inasimama na mafundi wanakaa kivulini kucheza bao.

Kwa hiyo tunaanza na ukuta. Nunua karatasi moja ya manila, ibandike mahali watoto wanapopita kila siku, kwa mfano karibu na mlango wa jikoni. Igawe safu tatu: Tunataka, Tunafanya, Tumemaliza. Kila jambo la likizo liandikwe kwenye kikaratasi chake, kimoja jambo moja. Watu wa programu za kompyuta wanaupenda sana ubao huu na wanauita kanbani, ila chimbuko lake ni viwanda vya magari vya Toyota, Japani, ambako mhandisi Taiichi Ohno alianza kutumia vikadi kuongoza uzalishaji baada ya Vita Kuu ya Pili. Kadi ya Ohno haikuwa pambo. Ilikuwa ruhusa: bila kadi kurudi, idara ya nyuma haitengenezi kipuri kingine hata kama mashine na watu wapo wamekaa.

Wengi tunaiga ubao tukasahau kikomo, na kikomo ndiyo dawa yenyewe. Watoto waacheni waandike wanachotaka, hata mambo ishirini: kuogelea, kujifunza baiskeli, kwenda Kijiji cha Makumbusho, kupika maandazi wenyewe, kulala kwa shangazi Mbagala, kuona tembo Mikumi. Msikatae hata kimoja. Lakini safu ya katikati iwe na nafasi mbili tu. Mtoto wa miaka minane akitaka baiskeli iingie, ataona kwa macho yake kwamba nafasi zimejaa, na kwamba maandazi yamelala pale tangu Jumatatu kwa sababu hakuna aliyenunua ngano. Atakuja kukuuliza, "Mama, ngano inanunuliwa lini?" Swali hilo zamani ulikuwa unajiuliza wewe, saa tano usiku, umelala macho. Sasa lina mwenyewe. Na kadi aihamishe mtoto kwa mkono wake. Mzazi ukianza kuhamisha kadi, wiki ya pili ubao unakuwa wako na watoto wanaupita kama kalenda ya mwaka jana.

Sasa nije kwenye safari, maana hapo ndipo pesa na hasira zinapoteketea. Mwaka 1957 James Kelley wa Remington Rand na Morgan Walker wa DuPont, Wamarekani wawili, walikuwa wakitafuta namna ya kupanga ujenzi na matengenezo ya viwanda vya kemikali vyenye kazi mamia kwa mamia. Swali lao lilikuwa rahisi: katika kazi zote hizi, zipi zikichelewa siku moja, mradi mzima nao unachelewa siku moja? Hizo ndizo za kukesha nazo. Zilizobaki zina nafasi ya kusogea bila kumuumiza mtu.

Tuchukue Morogoro kwa treni ya SGR, maana najua wengi hapa mmeshaahidi. Ilianza kubeba abiria kutoka Dar hadi Morogoro Juni 2024, na nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12, na bure kwa aliye chini ya hapo. Wazazi wawili, kijana wa miaka 14, mtoto wa miaka 9 na wa miaka 3: kwenda 45,500, kwenda na kurudi 91,000. Mkifika mnapanda Uluguru mpaka Morningside, lile jengo la enzi za Wajerumani, mnarudi mjini kula. Safari nzuri, wala si ya kitajiri.

Familia nyingi zikipanga safari hiyo zinaanza na viatu vya kupandia mlima, begi, na nani atakaa dirishani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochelewesha safari. Viatu unanunua juzi ya safari, sokoni Karume, basi. Kinachochelewesha ni ruhusa za wazazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 mfululizo, lakini lini zianze, mwajiri ana kauli kubwa. Wazazi wawili, waajiri wawili, barua mbili zinazotakiwa kujibiwa kwa tarehe zilezile. Kama barua hazijaandikwa Aprili, Juni mnakuwa na viatu vipya na baba yuko kazini. La pili ni shule. Mwenye mtoto wa darasa la saba anajua mtihani ni Septemba, na walimu wengi watamtaka kwa masomo ya ziada Juni hiyohiyo. Tarehe za mwalimu ulizeni kabla ya za treni. Mambo hayo mawili yakishakaa, tiketi ni suala la dakika chache kwenye simu.

Kuna na kadi zenye dirisha dogo. Maonyesho ya Sabasaba huanza 28 Juni na kwisha 13 Julai, na shule nazo hufunguliwa Julai hiyo mapema, kwa hiyo "tutawapeleka Sabasaba" ina siku chache sana ndani yake, na mojawapo ni tarehe 7 yenyewe ambayo Dar nzima iko Barabara ya Kilwa. Boti ya kwenda kisiwa cha Mbudya nayo Juni na Julai inakutana na upepo wa kusi. Kama nyumbani una mtoto anayetapika hata kwenye pantoni ya Kigamboni, hamishia kadi hiyo Desemba, kaskazi ikiwa imeingia.

Muda wenyewe tunaukadiria vibaya, na si sisi Waswahili peke yetu, maana kuna watu wanapenda kutusingizia. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wanamalizia tasnifu. Kwa wastani wanafunzi walisema watahitaji siku 34 hivi. Wakaulizwa tena: na kila kitu kikienda mrama kabisa, je? Wakasema siku 48 na ushee. Wakamaliza kwa wastani wa siku 55 na nusu. Yaani hata kwenye makadirio yao ya balaa walikuwa na matumaini. Dawa tunayotumia kwenye ujenzi ni kuacha kuuliza "itachukua muda gani?" na kuuliza "mara ya mwisho ilichukua muda gani?" Mara ya mwisho kutoka Mbezi hadi Stesheni na watoto watatu, tangu wa kwanza kuamshwa hadi kukaa kitini, ilichukua muda gani? Andikeni hiyo.

Kuna mbinu nyingine ninayoipenda kuliko zote, ya mwanasaikolojia Gary Klein, aliyeielezea mwaka 2007. Kabla mradi haujaanza, unawakusanya wahusika unawaambia: mradi umeshakufa, tuambieni umekufa na nini. Ofisini watu wanaogopa bosi, majibu yanakuwa ya kupapasa. Watoto hawapapasi. Jaribuni Jumapili jioni, chai ikiwa mezani: "Leo ni Julai, safari ya Morogoro imeharibika. Ilikuwaje?" Nimewahi kusikia majibu mezani kwetu. "Baba alipigiwa simu na kazini, akasema twende kesho." "Mjomba alikuja na watoto wake wanne, hela ikawa haitoshi." "Mdogo wangu alilia njiani tukarudi." Hayo ndiyo mnayoyaita vihatarishi kwenye ripoti, na mtaalamu wa kulipwa angeyaandika kurasa kumi. Kila jibu linazaa kadi: baba amkabidhi mwenzake kazi kwa maandishi, mjomba apigiwe simu mapema aulizwe anakuja lini.

Pesa sitaisema sana. Bei iandikwe nyuma ya kadi, na mtoto aione. Akijua Mikumi ni ya kibubu cha miezi na maandazi ni ya kilo mbili za ngano, hamtagombana.

Vya kuacha ofisini ni alama, mfanyakazi bora wa wiki, na ratiba ya saa kwa saa. Nimeona nyumba ambayo mtoto ana tuisheni saa mbili, madrasa saa nne, kuogelea saa nane, na mzazi anaita hiyo likizo. Acheni walau siku mbili kila wiki zisizo na kadi yoyote. Kwenye miradi tunaiita akiba ya muda, na mkandarasi asiyeiweka tunamshangaa. Kikao nacho kiwe kimoja kwa wiki, dakika kumi na tano, mtoto ndiye mwenyekiti, na hakuna muhtasari.

Jioni ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, bandueni manila. Kadi ambazo hazikufanyika msizihamishe zote kwenda Desemba kama madeni. Zimwageni mezani, kila mtoto achague moja, zilizobaki zitupwe. Mtashangaa kadi zipi zinabaki mezani bila mtu wa kuzitaka. Mara nyingi zina mwandiko wa mzazi.

Naona mikono imeshanyooshwa. Tuanze na mama pale karibu na feni.