Ombaomba wa Kilatini

HAWA: Karibuni tena. Mimi ni Hawa, nipo na kaka Dominiki, ambaye leo kaja na kamusi ya Kilatini badala ya vitafunwa.

DOMINIKI: Vitafunwa mwishoni, dada. Uliniuliza kwa nini Wafransisko na Wadominiko, watawa wa Kikatoliki, huitwa mashirika ya ombaomba. Kilatini ni mendicantes, kutoka mendicus, mwombaji. Na mendicus chimbuko lake ni mendum: kasoro, kilema.

HAWA: Kumbe ombaomba wa Warumi alikuwa mlemavu?

DOMINIKI: Ndivyo lilivyoanza, kisha likamchukua kila anayenyoosha mkono. Ila mendum pia ni kosa la mtu anayenakili kitabu. Kulisahihisha ni emendare. Waingereza wakalikata kichwa, likabaki mend: kutia kiraka.

HAWA: Yaani ombaomba na fundi viraka ni ukoo mmoja!

DOMINIKI: Damu moja.

HAWA: Lakini Fransisko wa Assisi, mwanzilishi wa Wafransisko, baba yake aliuza vitambaa, na viungo vyake vilikuwa vizima. Jina la kilema alilitaka la nini?

DOMINIKI: Yeye aliwaita wenzake Ndugu Wadogo. Kanuni aliyoithibitisha Papa Honori III mwaka 1223 iliwakataza kupokea sarafu. Na katika wosia wake anasema kazi kwanza; wasipolipwa, waiendee meza ya Bwana, yaani sadaka za watu, wakiomba ostiatim. Ostium ni mlango.

HAWA: Mlango kwa mlango. Hodi hodi!

DOMINIKI: Na si ovyo. Baadaye kila nyumba ya mabradha ilikuwa na eneo lake la kuomba, usivuke la mwenzio.

HAWA: Mwomba chumvi huombea chungu chake.

DOMINIKI: Hasa. Mtaguso wa Pili wa Lyon, mkutano mkuu wa Kanisa wa 1274, ukafuta vishirika vingi, yakabaki manne makubwa: Wafransisko, Wadominiko, Wakarmeli na Waaugustino. Hao Waaugustino ndio waliofungua nyumba Mombasa mwaka 1597.

HAWA: Nami nina langu. Kwetu unamwomba Mungu, na unamwomba jirani chumvi. Kitenzi kile kile. Kilatini je?

DOMINIKI: Kina precari, kwa mungu na kwa mtu vilevile. Mwitaliano anayesali bado anasema pregare. Halafu precarius ni kitu ulichopewa kwa kuomba, unakaa nacho mpaka mwenyewe akitake. Ndiyo maana Mfaransa akisema précaire anamaanisha hali isiyo na uhakika.

HAWA: Kama kukaa nyumba ya mtu bila mkataba.

DOMINIKI: Umemaliza. Lakini ninalolipenda zaidi ni maskini. Tumelitoa kwa Waarabu, miskin. Waitaliano nao wakalichukua, meschino, na Wafaransa mesquin. Leo Mfaransa akikuita mesquin, anakuita bahili.

HAWA: Aliyenyimwa kageuka mnyimaji! Hilo jina limeonewa. Haya, vitafunwa viko wapi?

DOMINIKI: Wafaransa wana vitafunwa vinavyoitwa mendiants, ombaomba, kwa rangi za kanzu za watawa: tini kavu za Wafransisko, lozi za Wadominiko, zabibu kavu za Waaugustino, na njugu za hazeli za Wakarmeli.

HAWA: Umeleta?

DOMINIKI: Zabibu tu. Bei ya lozi unaijua.

HAWA: Basi zima maikrofoni, tukapige hodi kwa jirani. Ostiatim.