Povu Likitoka Kigoma, Tabora Waandike Saa Ngapi?

(Mhadhara uliotolewa Kigoma mbele ya walimu, mafundi na wanafunzi wanaoangalia vituo vya kupimia anga ya juu)

Ndugu zangu, ayonosfia, lile tabaka la anga ya juu lenye chembe za umeme, mnaijua, sitarudia. Nimekuja na lile lile la kila mkutano: saa.

Jua likizama, huko juu kilomita 300 na ushei kunachafuka. Mapovu yaliyopungukiwa elektroni yanainuka kwenye ikweta ya sumaku, yaani ikweta ya usumaku wa dunia, ambayo upande wetu huu wa Afrika inapita Ethiopia, kisha yanatanuka hadi kutufikia. Mawimbi ya GPS yakipita humo yanapepesuka, risiva, yaani chombo cha kuyapokea, inapoteza setilaiti. Miezi ya tatu na nne, ya tisa na kumi, ndipo yanapozidi. Na usiku mapovu haya husafiri kwenda mashariki, tuseme mita 100 kwa sekunde. Kigoma hadi Tabora kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 350. Gawanyeni: karibu saa nzima. Povu mlilolipata hapa saa mbili na nusu usiku, wenzenu wa Tabora watalipata saa tatu na nusu kasoro dakika chache tu.

Sasa funueni madaftari. Mmoja kaandika 2:30. Mwingine 20:30. Wa tatu 17:30, na hiyo ndiyo UTC, saa ya dunia, tunayoitaka. Wote wameona kitu kimoja, lakini mratibu anayekusanya vipimo vya vituo vyote akipokea 2:30 tupu analiweka povu usiku wa manane!

Na Kigoma ina mtego wake. Kongo ng'ambo ya ziwa, na Burundi hapo juu, saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kompyuta ikifuata saa ya simu, na simu ikashika mnara wa ng'ambo, saa inarudi nyuma bila kumwuliza mtu. Povu la 20:30 linaandikwa 19:30. Mratibu anatoa saa tatu ili apate UTC, kama kawaida, anapata 16:30. Safari ya saa moja imekuwa ya saa mbili, kasi imeshuka nusu, na watu wanahangaika kutafuta sababu angani wakati sababu iko mezani. Zimeni hicho kipengele cha saa kujibadilisha yenyewe. Leo.

Mtu ataniambia risiva ina saa ya setilaiti, haikosei. Haikosei, lakini saa ya GPS si UTC: tangu tarehe 1 Januari 2017 imetangulia kwa sekunde 18. Kati ya Kigoma na Tabora si neno. Ila ukiwa na antena mbili kwenye mapaa mawili ya shule moja, mita 100 baina yao, povu linavuka kwa sekunde moja. Hapo sekunde 18 zinaharibu kazi yote. Faili liseme limetumia saa ipi, mstari wa kwanza, pamoja na latitudo, longitudo na kimo cha antena. Na kumbukeni tarehe ya UTC inageuka saa tisa usiku wetu.

Mwingine atasema kila kituo kibaki na mtindo wake, mratibu abadilishe. Abadilishe nini, asichoandikiwa? Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, Julai 1957 hadi Desemba 1958, nchi 67 zilipima kwa utaratibu uliokubaliwa, nakala za vipimo zikahifadhiwa Marekani na kwa Wasovieti vilevile, na mataifa hayo mawili yalikuwa hayaivi chungu kimoja. Sisi tunaunganishwa na reli moja!

Antena, haraka: iwe juu kuliko mwembe. Na mkiona mawimbi yanapepesuka kila siku, yakiwahi dakika 4 kuliko jana, msiniletee habari za mapovu. Setilaiti za GPS hurudi pale pale angani dakika 4 mapema kila siku. Hayo ni mabati yanarudisha mawimbi. Inueni antena.

Radi na betri sitazifikia, muda umekwisha. Nani ana zamu kituoni usiku huu? Njoo na hiyo kompyuta hapa mbele, tuitazame saa yake.